Sabuni Nyekundu ya Wifi Biubwa

Mwamvita binti Kondo alikuwa mwanamke wa kimo cha kati, mkimya, hodari wa kusuka mikeka. Pale Gwata alikoolewa, mtu aliyetaka mkeka wa kumkalisha mgeni wa heshima alikwenda kwake. Mumewe, Salehe, alikuwa mkulima wa mihogo na mikorosho. Walizaa watoto wanne. Watatu walifariki wakiwa wachanga. Akabaki Mwanaamina peke yake, na huyo ndiye aliyekuwa roho ya nyumba.

Mwishoni mwa mwaka 1971 Mwanaamina alimaliza darasa la saba. Barua ya kuitwa sekondari haikuja, na Salehe hakuisubiri sana. Alisema wakati umefika binti awekwe ndani, awe mwali kama shangazi zake walivyokuwa.

Desturi ya kwao ni kwamba mama mzazi hamshughulikii mwali wake. Binti akishaingizwa ndani ni wa somo. Somo ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayemfunza adabu na maneno ya wakubwa. Mama hukaa upande wa pili wa ukuta, akipika na kupitisha sahani mlangoni. Akimwona mwanawe kabla ya siku ya kutoka, watu husema jicho lake litamharibu. Kazi ya somo hupimwa siku hiyo ya kutoka, mbele ya ngoma na umati wote. Msichana aliyekaa miezi bila jua na bila kazi, akila wali wa nazi na supu ya kuku, anatakiwa atoke amenona na ngozi imekuwa nyeupe. Akitoka kama alivyoingia, somo ataondoka na aibu yake.

Salehe hakutafuta somo mbali. Alimwita dada yake, Biubwa, aliyeolewa Kisarawe. Huyu alikuwa na jina. Ilisemekana mwali aliyetolewa na Biubwa hakai nyumbani mwezi mzima kabla ya kuposwa.

Biubwa alikuja na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na vipande vya sabuni nyekundu, kila kimoja kimefungwa katika karatasi ya kung'aa yenye picha ya mwanamke mwenye mashavu meupe.

"Hii, wifi," alisema akiisogeza puani mwa Mwamvita, "ndiyo wanayoogea wanawake wa mjini. Miezi minne tu, hutamjua mwanao."

"Nitamjuaje na nimekatazwa kumwona?"

"Utajua kwa wivu wa watu."

Wakacheka wote wawili. Siku hiyo walikuwa bado wanapendana.

Asubuhi na jioni Biubwa alimpaka Mwanaamina povu la sabuni ile kuanzia paji la uso mpaka vidole vya miguu. Povu halikusuuzwa, liliachwa likaukie mwilini, maana muuzaji alisema ndivyo linavyofanya kazi. Mwezi wa pili ngozi ikaanza kung'aa. Mwezi wa tatu uso ukawa mweupe kama muhogo uliomenywa. Mwezi wa nne mashavu yakajaa, macho yakaanza kuwa madogo, miguu ikawa minene kuanzia kwenye kifundo. Wanawake walioruhusiwa kuingia walitoka wakipiga vigelegele. "Mama Mwanaamina, umezaa," walimwambia Mwamvita jikoni. Naye, akikuna nazi, alijiona ameshiba kabla ya kula. Jambo hilo, kwamba alifurahi, lilikuja kumtesa kuliko mambo mengine yote.

Alasiri moja Biubwa alikwenda kisimani. Kutoka chumbani ikasikika sauti ndogo: "Mama."

Mwamvita alisimama mlangoni. Miaka yote alikuwa ameishika desturi, na hata sasa mkono wake ulisita juu ya pazia la gunia. Sauti ikaita tena. Akaingia.

Alimkuta mwanawe ameegemea ukuta kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Macho yalikuwa nyufa mbili. Mwamvita aliuminya muundi wa mguu wake kwa kidole, akakiondoa, na shimo likabaki pale pale, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa.

"Nilimwambia shangazi miguu inaniuma," Mwanaamina alisema. "Akaniambia mwali hasemi."

Biubwa aliporudi na mtungi kichwani alimkuta wifi yake ndani. Hakuutua mtungi kwanza. "Umeingia?"

"Mtoto anaumwa, wifi. Huu si unene."

"Mtoto ananona wewe unalia. Ulitaka atoke kama mti wa muhogo?" Kisha akamwita kaka yake. "Salehe, njoo uone mkeo alivyovunja mwiko."

Salehe alikuja, akatazama, akaona kile alichotaka kuona: binti mweupe, mnene. Akamwamuru mkewe arudi jikoni.

Wiki tatu baadaye, Julai ya mwaka 1972, Mwanaamina alitolewa. Alibebwa begani kwa ngoma na nyimbo, amefunikwa kanga mpya. Walipomtua ili acheze hatua mbili tatu mbele ya wageni, magoti yalikataa. Alianguka akitafuta pumzi, midomo ya rangi ya majivu. Walimbeba kwa machela hadi zahanati ya upande wa Soga, alikokuwa mganga kijana kutoka bara aitwaye Onesmo.

Onesmo aliuweka mkojo wake katika kijichupa cha kioo, akauchemsha juu ya taa ya spiriti. Uliganda ukawa mweupe kama ute wa yai. Akauliza, "Huyu alikuwa anapakwa nini?"

"Sabuni tu," Biubwa alijibu. "Kwani mtu haogi?"

Mwanaamina alifariki siku ya kumi na moja.

Siku ya hitima, watu wakiwa wamejaa uani, Biubwa aliufungua mdomo wake. Alilia kwanza, kisha akasema kazi yake ilikuwa nzuri na kila mtu aliiona kwa macho. Kilichomuua mwali ni jicho. Mama yake mwenyewe aliingia ndani kabla ya siku. Tangu alipoingia, mtoto hakuwa yule tena. Wanawake waliokuwa wameketi karibu na Mwamvita walisogea mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki peke yake kwenye mkeka aliousuka kwa mikono yake. Kabla ya arobaini Salehe alimpa talaka.

Alikwenda Soga kwa kaka yake, Kibwana. Alichukua nguo zake, sindano zake za kushonea mikeka, na kipande cha karatasi ya kung'aa alichokiokota shimoni mwa takataka alipokwenda kumwaga taka za kile chumba baada ya mazishi. Alikifunga kwenye pindo la kanga. Kila alipooga alikifungua na kukifunga tena.

"Dada, kitupe hicho," Kibwana alimwambia. "Kinakula moyo wako."

"Kiache. Mpaka nijue kilichoandikwa."

Miaka ile kila kijiji kilikuwa na darasa la watu wazima. Mwamvita, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, alikaa benchi moja na vizee na akina mama wenye watoto mgongoni. Wengine walitaka kujua kusoma mizani ya korosho wasipunjwe. Yeye alikuwa na karatasi moja tu ya kusoma hapa duniani. Alipoweza kuunganisha herufi, alijifungia chumbani akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, akagundua kwamba herufi anazijua lakini maneno si ya Kiswahili. Kesho yake akaenda zahanati.

Onesmo aliisoma karatasi mara mbili. "Iodidi ya zebaki," alisema polepole. "Umeipata wapi, mama?"

"Ndiyo ile 'sabuni tu' aliyokwambia wifi yangu."

Mganga aliketi. Alisema alilihisi jambo hilo tangu siku ile ya mkojo, lakini hakuwa na cha kushika mkononi. Mwamvita akamwomba amweleze kama anavyomweleza mtoto wa shule, na asimfiche.

"Zebaki unaijua," Onesmo alianza. "Ile ya kwenye kipimajoto. Ikiwa peke yake ni maji mazito yanayong'aa, yanakimbia kiganjani bila kulowesha. Lakini ikiunganishwa na kitu kingine inageuka unga. Kuna unga mweupe, kuna na mwekundu kama uliomo kwenye sabuni hii. Na ukishakuwa unga, unayeyuka, unapenya."

Alifungua kabati na kumwonyesha chupa ya kahawia yenye alama ya fuvu, iliyoachwa na waganga wa enzi za Waingereza. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya buluu. Navyo vilikuwa zebaki, iliyounganishwa na klorini. Unga wake ni mweupe pe, hata mtu anaweza kudhani ni chumvi. Waliutia rangi ya buluu ili asije mtu akakosea. Zamani hospitali ziliyeyusha kidonge kimoja katika maji mengi, waganga wakanawia mikono na kuoshea meza, kwa sababu hakuna kijidudu kinachobaki hai. Huko Ulaya wagonjwa wa kaswende walipewa zebaki kwa miaka mia nne, meno yakawadondoka nao wakaendelea kushukuru. Waliitia kwenye mbao na ngozi zisiliwe na wadudu, na kwenye mbegu zisioze ardhini. Mafundi wa kofia walilainishia manyoya kwa chumvi zake mpaka mikono yao ikatetemeka na akili zikaruka.

"Kila kinachoigusa kinakufa," Onesmo alisema. "Watu wakaona inaua wadudu, wakaiita dawa. Ndivyo lilivyoanza kosa."

"Na weupe?"

"Inaizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Lakini haiishii kwenye ngozi. Inaingia kwenye damu, damu inaipeleka kwenye figo. Figo ni kama kifumbu chako cha kuchujia tui, mama. Kikitoboka, machicha yanapita. Kile kinachotakiwa kibaki mwilini kinatoka na mkojo, na maji yanayotakiwa kutoka yanabaki, yanajaza uso na miguu."

Mwamvita aliirudisha karatasi pindoni. "Kwa hiyo hakunona."

"Hakunona. Alijaa maji."

"Na mimi jicho langu?"

"Jicho lako ndilo pekee lililoona, mama. Ungemleta siku ile uliyoingia, sabuni ikaachwa, huenda angepona."

Neno hilo la mwisho Onesmo alilisema kwa nia njema, kijana wa watu. Hakujua ameuchochea moto.

Mwamvita aliomba kazi ya kufanya usafi pale zahanati, akapewa. Kila siku alifuta vumbi kabati lile, na kila siku alitazama chupa ya kahawia. Siku moja Onesmo akiwa nje anachoma sindano, aliufungua mfuniko akaweka kidonge kimoja kiganjani. Kilikuwa kidogo kuliko kunde. Alimfikiria Biubwa, chai yake yenye tangawizi, sauti yake nene. Kisha akafikiria mazishi yake: watu wangejaa, wangemsifu, wangesema amekufa somo wa masomo. Na lile neno alilolisema siku ya hitima lingezikwa naye likiwa kweli. Mwamvita alikirudisha kidonge ndani, akanawa mikono mara tatu kwa maji mengi. Kifo kilikuwa kidogo mno. Alimtaka Biubwa akiwa hai, tena mbele ya watu.

Mwaka 1974, Kibwana alirudi kutoka Kisarawe alikopeleka mikeka ya dada yake kuuza. Alikula kwanza, akanawa, ndipo akasema, "Binti wa Biubwa, yule Mwanakheri, yuko ndani tangu masika. Mama yake hamgusi, kama desturi ilivyo. Somo ni mwanamke aliyefunzwa kazi na Biubwa huyo huyo, na sabuni ni ile ile."

"Wanasemaje?"

"Wanasema ananona. Uso umejaa kama mwezi wa kumi na nne."

Mwamvita alikuwa anashona ukili. Sindano haikusimama. Kibwana aliona dada yake anatabasamu, akashuka moyo, kwa maana alikuwa hajaliona tabasamu hilo kwa miaka miwili, na hakulipenda.

"Dada, si uende ukawaambie?"

"Niwaambie nini? Mimi nina jicho baya."

Siku tisa alinyamaza. Alikwenda kazini, akafagia, akapika. Kila jioni alihesabu: sasa macho yamekuwa madogo, sasa viatu havimwingii, sasa halali chali. Alikuwa amembeba mgongoni Mwanakheri huyo akiwa mchanga, na jambo hilo lilimjia mara mbili tatu, akalifukuza. Biubwa naye akae jikoni akisifiwa. Biubwa naye akune nazi akicheka.

Siku ya kumi akaliona kosa katika hesabu yake. Mwanakheri akifa, Biubwa atalia, watu watamkumbatia, na atatafutwa mwingine wa kubebeshwa jicho. Hakuna atakayejua. Mwanaamina atabaki amekufa kwa sababu ya mama yake. Asubuhi hiyo Mwamvita alipanda treni Soga, akashuka Pugu, akapanda vilima kwa miguu hadi Kisarawe, karatasi ikiwa pindoni.

Aliwasili saa tisa alasiri, siku ya kumtunza mwali. Wanawake kama thelathini walikuwa wamekaa chumba cha nje na barazani, kila mmoja na zawadi yake. Pazia lilikuwa limefunguliwa, na Mwanakheri ameketishwa kwenye mkeka, amefunuliwa uso ili atazamwe. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kutunza, mama aliruhusiwa kukaa mlangoni, uso ameugeuzia upande. Biubwa alipomwona mgeni aliinuka nusu.

"Karibu, wifi. Umekuja kutunza au kutazama?"

"Kutazama."

"Basi tazama kwa mbali. Wengine macho yao tukiyaona tunaficha watoto." Wanawake wakacheka chini kwa chini.

Mwamvita alipita katikati yao, akapiga goti mbele ya mwali, akamsalimia. Mwanakheri alimpa shikamoo kwa pumzi iliyokatika katikati ya neno. Mwamvita akauminya muundi wake kwa kidole gumba, akakiondoa. Kisha akageuka.

"Njoo nawe uminye, wifi. Safari hii mguu ni wako."

Biubwa alitazama shimo lile kwenye mguu wa mwanawe, likakataa kujaa. Alikuwa ameona miguu mingi ya wanawali maishani mwake, na mmoja kati ya hiyo alikuwa anaukumbuka. Uso ulimshuka.

"Anaumwa nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ninakijua kinachomuua, na ninajua anavyoweza kupona. Nimesomeshwa." Mwamvita alikaa kitako, akanyoosha miguu, akaomba maji ya kunywa. Akaletewa. Akayanywa taratibu, kikombe kizima. "Lakini kwanza kuna maneno uliyasema Gwata, siku ya hitima ya mwanangu. Nimeyarudisha. Yachukue."

"Wifi, mtoto anakata pumzi."

"Hata wangu alikata. Mimi sina haraka."

Mwanamke mmoja mtu mzima akasema, "Mwamvita, mche Mungu." Akamjibu, "Namcha, ndiyo maana nimekuja. Ningeweza kukaa Soga."

Biubwa alijaribu njia zote. Alikasirika, akamwita mchawi. Alilia. Alimtuma mtu kumwita mwanamume wa nyumba, naye alikuwa shambani mbali. Mwamvita hakuinuka. Muda ukapita, mpaka Mwanakheri mwenyewe akasema, "Mama, sema anachotaka. Nimechoka."

Ndipo Biubwa akasema. Alisema yeye ndiye aliyempaka Mwanaamina sabuni. Mtoto alimlalamikia miguu mara nne, naye akamnyamazisha kwa kuogopa jina lake lisiharibike. Wifi yake hakuwa na jicho lolote, na maneno yale aliyatunga ili kujiokoa.

"Sema kwa sauti," Mwamvita alimwambia. "Walioko barazani hawajasikia."

Akarudia, mpaka walioko barazani wakasikia.

Mwamvita akafungua pindo, akaitandika karatasi juu ya mkeka, akaeleza. Sabuni iachwe saa hiyo hiyo, mwili usuuzwe kwa maji mengi, binti apelekwe hospitali kabla jua halijazama, na daktari aambiwe neno moja: zebaki. Wakampakia kwenye gari la kubebea korosho. Mwamvita hakupanda. Alirudi Pugu kungoja treni.

Onesmo aliposikia, alimkasirikia. "Ulikaa chini saa nzima, mama? Msichana anakufa?"

"Nilikaa saa moja na siku tisa, mganga. Ukinihesabia, nihesabie zote."

Kijana alichukua kalamu akaandika barua wilayani juu ya sabuni ile, ya pili tangu alipoonyeshwa karatasi.

Mwanakheri alikaa hospitali miezi miwili, akapona, ingawa ilibidi ajihadhari na chumvi miaka mingi. Habari ilifika Gwata kabla ya mavuno ya korosho. Salehe alikuja Soga na doti mbili za kanga na mzee wa kumsemea ili warudiane. Mwamvita aliwapa chakula. Walipomaliza akamwambia yule mzee, "Kanga ni nzuri. Mrudishie aliyemwamini dada yake." Hakuna nyumba iliyomwita tena Biubwa kutoa mwali, wala Kisarawe, wala Mlandizi.

Mwezi wa Shaabani wa mwaka 1975, watu wanapoombana radhi kabla ya kufunga, Biubwa alipanda treni hadi Soga. Alikaa kwenye mkeka, akasema, "Wifi, nimekuja. Niwie radhi."

Mwamvita alimkaangia samaki, akampikia wali, akamtengea maji ya kuoga. Alimfanyia yote anayofanyiwa mgeni. Kisha akasema, "Bado."

Mwaka uliofuata Biubwa alikuja tena, na uliofuata. Kibwana alimwambia dada yake kwamba hata Mungu anasamehe. Mwamvita alimjibu kwamba Mungu hakuwa jikoni siku ile akikuna nazi. Mwaka 1981, mwaka wa saba, Biubwa alishuka treni amechoka, mvi zimemjaa, akaomba kama kawaida. Mwamvita alimtazama muda mrefu kuliko miaka mingine.

"Bado, wifi," alisema, akamjazia sahani.

Biubwa akala. Alasiri Mwamvita alimbebea kikapu, akamsindikiza hadi stesheni, akasubiri naye mpaka treni ilipokuja.